Ziara ya Mvinyo na Chakula Dodoma: Mambo Ambayo Mgeni Anapaswa Kuyajua Kabla ya Kulipia

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Msafiri anayetoka katikati ya Jiji la Dodoma kwa barabara ya Iringa hahitaji kwenda mbali kabla ya kuanza kuiona mizabibu. Katika vijiji vya upande huo, vikiwemo Mpunguzi, Mbabala na Matumbulu, safu za nguzo na nyaya zimebeba matawi ya kijani juu ya udongo ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka haupati tone la mvua. Kwa muda mrefu, mgeni aliyefika Dodoma kwa shughuli za kiserikali au za kibiashara alirejea kwao na mfuko wa zabibu alioununua barabarani, pengine na chupa moja ya mvinyo, bila kufahamu mazao hayo yametoka katika shamba gani wala yamepita mikononi mwa nani.

Ziara ya kuongozwa kwa kikundi kidogo ni njia mojawapo ya kumfikisha mgeni huyo shambani. Kwa kawaida ziara ya aina hii huwa na watu kati ya sita na kumi na wawili, wanaosafiri kwa gari moja pamoja na mwongozaji mmoja, na huchukua nusu siku au siku nzima. Wageni hutembelea shamba la mkulima, hupitia kiwanda au ghala la kusindika, huonja aina kadhaa za mvinyo na kula chakula cha eneo husika. Idadi ndogo ina sababu zake za msingi. Nafasi kati ya safu moja ya mizabibu na nyingine ni finyu, sakafu ya kiwanda huwa na maji na mipira ya kusukumia mvinyo, na mkulima anayeeleza kazi yake akiwa ameshika mkasi wa kupogolea hawezi kusikika na watu hamsini. Basi kubwa linaposimama kando ya shamba, wanaofaidika ni wale waliokaa mbele.

Kilimo cha zabibu Dodoma hakina umri mkubwa kama inavyodhaniwa. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia ndio wanaotajwa kuleta mizabibu katika eneo la Bihawana katika miaka ya 1950, hitaji kubwa likiwa ni mvinyo wa ibada. Kutoka kwenye bustani za misheni, mmea huo ulienea kwa wananchi wa vijiji vya jirani. Baada ya Uhuru, Serikali ilikipa kilimo hicho sura ya kibiashara kwa kuanzisha kiwanda cha mvinyo kilichokuja kujulikana kwa jina la DOWICO, ambacho kusimama kwake baadaye kuliwaacha wakulima wengi bila mnunuzi wa uhakika. Utafiti wa zao hili unafanyika Makutupora, kaskazini mwa Jiji, katika kituo kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Jina la mahali hapo ndilo lililopewa aina ya zabibu nyekundu inayolimwa na wakulima wengi zaidi, Makutupora Nyekundu. Kwa mvinyo mweupe, aina inayotumika zaidi ni Chenin Blanc, na katika mashamba ya Hombolo mgeni anaweza kukuta pia Syrah pamoja na aina za Kiitalia kama Aglianico na Teroldego.

Jambo linalowashangaza wageni kutoka Ulaya na Afrika Kusini ni kalenda. Katika nchi zenye majira ya baridi, mzabibu hupukutisha majani, hulala kwa miezi kadhaa na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza mmea. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe kwa mkasi: baada ya mavuno huupumzisha mzabibu, kisha huupogoa, na tangu siku ya kupogoa hadi kuvuna hupita takribani miezi minne. Kwa sababu hiyo shamba moja huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mwongozaji mzuri huwaonesha wageni jicho la tawi lililokatwa, mahali chipukizi linapotokea, kwa kuwa hapo ndipo tarehe ya mavuno inapoamuliwa.

Misimu hiyo miwili haifanani. Mavuno ya Februari na Machi hukomaa wakati wa mvua, na unyevu huleta magonjwa ya ukungu, hasa ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hivyo mkulima hulazimika kupulizia dawa mara nyingi zaidi na sukari kwenye tunda huweza kuwa pungufu. Mavuno ya Agosti na Septemba hukomaa katika jua kali na hewa kavu, usiku ukiwa na ubaridi wa nyanda za juu, kwani Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mgeni mwenye nafasi ya kuchagua anashauriwa kuja katika msimu wa pili, kwa kuwa barabara za vijijini hupitika kwa urahisi na zabibu huwa katika ubora wake. Anayefika Mei au Novemba atakuta majani na vishada vichanga, au shamba lililopogolewa ambalo kwa macho ya mgeni linaonekana kama kuni zilizofungwa kwenye nyaya. Kampuni ya utalii inapaswa kumweleza hayo kabla hajalipa.

Katika ziara hizi kuna neno moja ambalo mgeni hulisikia mara nyingi na mara ya kwanza hudhani linahusu chakula: mchuzi. Kwa wakulima wa Dodoma, mchuzi wa zabibu ni maji ya zabibu zilizokamuliwa na kuachwa zichachuke, ambayo huhifadhiwa kwenye matangi yakisubiri kiwanda cha kuyanunua, kuyachuja na kuyafungasha. Chanzo cha utaratibu huo ni tatizo la soko. Zabibu iliyoiva haisubiri. Ikibaki kwenye tawi huanza kunyauka, huliwa na ndege na nyuki au huoza mvua ikinyesha. Ikishavunwa, hubaki na siku chache tu kabla ya kuharibika. Kiwanda kisipotuma gari, mkulima aliyewekeza kwenye nguzo, nyaya, samadi na dawa hubaki na njia mbili: kuuza kwa bei yoyote atakayopewa, au kukamua. Mchuzi humpa muda, lakini nao unahitaji chombo safi, kipimo cha sukari na ujuzi wa kuzuia hewa isiingie, kwa maana mvinyo unaopata hewa nyingi hugeuka siki. Wapo wakulima ambao wamekaa na mchuzi wa msimu mmoja hadi msimu mwingine ukawadia.

Kwa hiyo, ziara inayomfikisha mgeni kiwandani pekee na kumpitisha mbali na mkulima huwa imeacha nje sehemu muhimu ya habari yenyewe. Ni vyema mwombaji wa ziara aulize mapema iwapo ratiba inajumuisha shamba la mkulima mdogo, na iwapo mkulima huyo analipwa kwa muda wake. Baadhi ya waandaaji humlipa ada kwa kila kikundi. Wengine hutegemea kwamba wageni watanunua zabibu au mvinyo wake. Njia ya kwanza ni ya haki zaidi, kwa kuwa asubuhi nzima ya mkulima inayotumika kujibu maswali ni asubuhi ambayo hakupulizia dawa.

Kiwandani, maelezo huanzia kwenye sukari. Kabla ya kuvuna, tone la maji ya zabibu huwekwa kwenye kifaa kidogo kinachofanana na darubini ili kupima kiwango cha sukari, na kipimo hicho ndicho kinachotabiri nguvu ya mvinyo: takribani gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Zabibu husagwa, hamira huongezwa, na sukari huanza kugeuka kilevi huku hewa ya ukaa ikitoka kwa mapovu. Wengi huamini kwamba mvinyo mwekundu hupata rangi kutoka kwenye nyama ya tunda. Karibu aina zote za zabibu nyekundu zina maji yasiyo na rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda, ambayo huachwa ndani ya tangi wakati wa kuchachuka. Kwa mvinyo mweupe, maganda hutenganishwa mapema. Mvinyo mtamu, ambao kwa muda mrefu umekuwa na wapenzi wengi nchini, ni ule uliobakiziwa sukari kwa kusitisha uchachukaji au ulioongezwa utamu baadaye, na ule mkavu ni ambao sukari yake karibu yote imekwisha kugeuka kilevi. Neno “mkavu” huwachanganya wengi mezani. Halina uhusiano na ukali wala wingi wa kilevi, bali linaeleza kutokuwepo kwa utamu.

Kuonja kuna hatua zake. Mgeni huitazama rangi ya mvinyo dhidi ya kitambaa au karatasi nyeupe, huzungusha glasi taratibu ili harufu ipande, hunusa, kisha huchukua funda dogo na kulipitisha mdomoni kote kabla ya kulimeza au kulitema. Chombo cha kutemea huwekwa mezani kwa ajili hiyo. Katika jamii nyingi za Kitanzania kutema mbele ya mwenyeji ni utovu wa adabu, na ndiyo maana wageni wengi wa ndani humeza kila kinachomiminwa kwa kumwonea haya aliyemimina. Katika meza ya kuonja, kutema ni sehemu ya kazi na hakumuudhi mtengenezaji.

Hesabu ya kiasi inafaa kufanywa wazi. Ziara yenye aina sita za mvinyo, kila moja ikimiminwa mililita 50, humpa mtu mililita 300, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya chupa ya kawaida ya mililita 750. Mvinyo ukiwa na kilevi cha asilimia 13, mgeni aliyemeza vyote atakuwa amekunywa takribani gramu 31 za kilevi halisi, kiasi ambacho mwili wa mtu mzima huhitaji saa kadhaa kukiondoa. Chakula hupunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu lakini hakikiondoi. Kahawa na maji ya baridi navyo havikiondoi. Ndiyo sababu chakula kinatakiwa kuwepo mapema katika ratiba na si mwisho wake, na maji ya kunywa yawepo tangu glasi ya kwanza.

Kutokana na hesabu hiyo, suala la usafiri si la hiari. Sheria ya Usalama Barabarani imeweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na kwa dereva aliyebeba kikundi hakuna sababu ya kukaribia hata nusu ya kiwango hicho. Dereva wa ziara haonji. Mgeni akimwona dereva wake ameshika glasi, ana haki ya kukataa kupanda gari hilo na kudai usafiri mwingine. Walio na umri chini ya miaka 18 hawauziwi wala kuoneshwa, na wajawazito hawashauriwi kuonja hata kidogo.

Baada ya hayo chakula huja kama pumziko, na ni sehemu ambayo Dodoma ina mengi ya kutoa kuliko inavyojinadi. Ugali wa uwele au wa mtama ndio chakula cha asili cha Wagogo, na mlenda ndiyo mboga inayoambatana nao, ukiwa umepikwa kwa majani mabichi au yaliyokaushwa na kusagwa, mara nyingi pamoja na karanga. Kuna kuku wa kienyeji, nyama ya mbuzi ya kuchoma, samaki wa Bwawa la Hombolo, karanga na ubuyu. Mkoa huu ni wa wafugaji, na nyama yake inajulikana hata nje ya mipaka yake. Baadhi ya waandaaji wa ziara, kwa kudhani kwamba mvinyo unadai chakula cha kigeni, huwapa wageni jibini iliyosafirishwa kutoka mbali na mikate iliyopoa, wakati jiko la mama mwenye nyumba liko hatua chache nyuma ya shamba likitoa harufu ya kuku.

Katika kulinganisha chakula na mvinyo, kanuni chache zinatosha. Nyama ya kuchoma yenye mafuta hupatana na mvinyo mwekundu mkavu, kwa kuwa ukakasi wa maganda husafisha mdomo. Samaki na kuku hupatana na mweupe uliopoozwa. Pilipili huuongezea mvinyo wenye kilevi kingi ukali mdomoni, hivyo mwenye kupenda kachumbari yenye pilipili atafurahia zaidi mvinyo wenye utamu kidogo. Kuhusu mlenda, vitabu vya mvinyo vya Ulaya havina msaada, na kila meza hujiamulia. Wapo wanaosema mweupe mkavu huukata utelezi wake vizuri, na wapo wanaoona kwamba mlenda unataka maji tu.

Kwa upande wa taratibu za kisheria, mwananchi anapaswa kufahamu kwamba biashara ya kuandaa ziara na kazi ya kuongoza watalii zinasimamiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mhusika kuwa na leseni ya biashara ya utalii, inayofahamika kama TALA, na imeitenga kazi ya kuongoza watalii kwa ajili ya Watanzania. Mteja ana haki ya kuomba kuoneshwa leseni ya kampuni na kitambulisho cha mwongozaji kabla ya kulipa. Malipo yaambatane na risiti ya kielektroniki ya EFD. Ratiba iwe ya maandishi, ikitaja maeneo yatakayotembelewa, idadi ya juu ya wageni, idadi ya mvinyo utakaoonjwa, chakula, na utaratibu wa kurejeshewa fedha endapo mvua itafunga njia. Ujumbe wa simu unaosema “tutazunguka mashamba mbalimbali” hautoshi kumlinda mtu aliyekwisha kutuma fedha.

Chupa anayoinunua mgeni nayo ina alama zake. Tangu Januari 2019 mvinyo umo katika bidhaa zinazobandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu inayomwezesha mnunuzi kuihakiki papo hapo. Lebo iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina na anuani ya mzalishaji, kiwango cha kilevi na viambato. Inafaa kusoma viambato hivyo kwa makini, kwa kuwa kuna vinywaji vinavyouzwa kwa sura ya mvinyo ilhali ni maji, sukari, rangi na pombe kali iliyoongezwa. Kinywaji cha namna hiyo hakimpi mkulima wa zabibu hata shilingi moja. Sheria ya ushuru wa bidhaa imekuwa ikitofautisha mvinyo wenye zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75, ambao hutozwa ushuru mdogo kuliko mvinyo mwingine, na lengo la nafuu hiyo ni kumpa mkulima wa ndani mnunuzi.

Hata hivyo, si sahihi kuzitarajia ziara hizi zimalize tatizo la soko la zabibu. Chupa moja ya mililita 750 huhitaji kilo moja ya zabibu au zaidi kidogo. Kikundi cha watu kumi, kila mmoja akinunua chupa mbili, kitakuwa kimechukua zabibu zisizofika kilo 30, wakati ekari moja inayotunzwa vizuri hutoa tani kadhaa kwa mwaka. Mzigo huo mkubwa unahitaji viwanda, matangi ya kuhifadhia mchuzi na mikataba kati ya wanunuzi na vyama vya ushirika vya wakulima. Faida ya ziara iko kwingine: mkulima anayeuza kwa mgeni moja kwa moja hupata bei nzuri zaidi kwa sehemu ndogo ya mazao yake, hupata fedha taslimu katika miezi isiyo ya mavuno, na mvinyo wa Dodoma hupata watu wanaoutaja kwa jina wanapoketi hotelini Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Ni faida ya polepole, na haifai kuelezwa kwa wakulima kama jambo jingine.

Kufika Dodoma kumekuwa rahisi zaidi tangu treni ya reli ya kisasa ya SGR ilipoanza safari zake kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Anayepanda treni ya alfajiri anaweza kuwahi ziara ya mchana, ingawa ni busara kulala Dodoma na kuanza asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Viatu vya kufunika mguu vinahitajika shambani, kofia pia. Manukato yaachwe hotelini, kwa kuwa mtu mmoja aliyejipulizia huwaharibia kunusa wote waliopo mezani.

Wasiotumia kilevi, kwa sababu ya imani au ya afya, hawazuiwi kushiriki. Juisi ya zabibu na zabibu za mezani, ambazo ni aina tofauti na zile za mvinyo, huandaliwa kwa ajili yao pale mwandaaji anapojulishwa mapema, na maelezo ya shambani ni yaleyale kwa wote. Bei yao inapaswa kupungua, jambo ambalo mara nyingi halifanyiki hadi mteja aulize.

Zabibu za kupeleka nyumbani zinunuliwe mwishoni mwa safari, zikiwa bado na kikonyo cha kijani, ziwekwe kwenye boksi lenye matundu na zisioshwe hadi wakati wa kuliwa. Chupa ya mvinyo yenye kizibo cha gome ilazwe mahali penye giza na ubaridi. Ikishafunguliwa, irudishiwe kizibo, iwekwe kwenye jokofu na kumalizwa ndani ya siku tatu au nne.